Namna ya Kuuzuru Mji wa Wafanya Kazi

Ni desturi ya wasafiri kuusifu mji kwa majumba na bahari yake. Mtu akirejea kutoka Lamu au Mombasa huwa na mengi ya kusimulia. Akirejea kutoka mji ambao sifa yake yote ilikuwa kazi, na kazi yenyewe imekwisha, husema kwamba hakuna cha kutazamwa. Wengine huenda huko kwa makusudi, wakapiga picha za mashine zilizoshika kutu, kisha wakauita uharibifu ule uzuri. Tabia zote mbili zina kasoro moja: zinatazama vitu, hazitazami watu.

Ewe msomaji, chukua mfano ulio karibu. Ukitoka Idsowe, ukapita Garsen na kuufuata mto Tana kwenda kaskazini, utafika Hola, na mbele yake Bura. Hii si miji ya moshi na matofali, lakini nayo ilikuzwa na pamba.

Skimu ya Hola ilianza mwaka 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, na watu waliowekwa kizuizini bila kuhukumiwa walitumikishwa humo. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 walipigwa wakafa, kwa sababu ya kukataa kazi hiyo. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa hakimu ukabainisha kwamba waliuawa na mapigo. Baada ya uhuru wakulima waliendelea kulima pamba hapo, hata mwaka 1989 mto ulipoacha njia yake, mifereji ikakauka. Bura nayo ilipokea wakulima kutoka pande nyingi za Kenya katika miaka ya 1980. Ilikusudiwa kuwa na hekta 6,700, lakini hata nusu yake haikulimwa, na pampu zikashindwa kuwaletea maji.

Sasa mpime mgeni apitaye huko. Ataandika: mto ulihama, pampu zikafa, mji ukafa. Maneno hayo yana ukweli, lakini humo mto umetenda na mashine imetenda. Mtu hakutenda neno. Kumbuka kwamba taarifa ile ya 1959 nayo iliyasingizia maji. Mgeni wetu hana nia mbaya kama ile, lakini kalamu yake inafuata njia ile ile: inamwondoa mtenda kazi katika habari ya kazi yake.

Kosa hili liko Ulaya pia. Katika mji wa Manchester, viwanda vingi vya pamba vimegeuzwa kuwa makao na ofisi, na wageni husifu matofali mekundu. Friedrich Engels, aliyekaa huko kuanzia 1842 hadi 1844, hakuishia kwenye matofali. Ingawa baba yake alikuwa mshirika katika kiwanda, aliingia vichochoroni akatazama vyumba, chakula na magonjwa ya wafanya kazi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1845. Unaweza kuzikataa hukumu zake, lakini huwezi kusema kuwa hakuwaona watu.

Haifuati kwamba kutu haina thamani. Pampu iliyokufa ni shahidi. Ila shahidi asiyeulizwa hasemi. Kwa hiyo uliza: Nani aliuchimba mfereji huu? Alilipwa nini, au hakulipwa? Pamba ilipokwisha, alikwenda wapi, na nani alibaki? Ukiuliza hivyo utagundua kwamba Hola na Bura hazikufa. Miaka mingi baadaye mashamba yalipata maji tena, na watoto wa wakulima wale wangali wakiishi huko. Iliyokwisha ni kazi moja, si watu.

Wala huna haja ya kwenda mbali. Huko huko kwenye bonde la chini la Tana, mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliyabomoa matuta ya skimu ya mpunga ya TARDA. Wako wazee waliofanya kazi hapo. Kabla hujaenda kuyatazama matuta, kaa nao uwasikilize; maana matuta yatakuonyesha mahali maji yalipopita, bali wao tu ndio watakaokuambia jasho lilimwagika wapi.