Ruzuku za Vitabu na Msomaji Kijana: Uhakiki

Sisi wahakiki tumezoea kuanza na kitabu kilichokwisha kuchapishwa. Tunakichambua maudhui na fani, tunamsifu au kumlaumu mwandishi, kisha tunaweka kalamu chini. Ni mara chache tunauliza ni nani aliyelipia karatasi na wino, na kwa masharti gani. Katika makala haya tunakusudia kuliuliza swali hilo, kwa sababu vingi kati ya vitabu ambavyo vijana wetu hapa Uganda huvikuta katika maktaba za shule na za vijiji vimefika kwa ruzuku ya mfadhili. Ruzuku nayo ni maandishi. Ina lugha yake, ina dhamira yake, na hata wahusika inao, ingawa wahusika hao hawapewi majina bali huitwa "walengwa". Kwa hiyo yafaa ihakikiwe kama kazi nyingine yoyote.

Rai yetu ni hii: ruzuku nyingi za usomaji zimefaulu kuleta vitabu, lakini zimehesabu vitabu badala ya kuhesabu wasomaji, na zimekiacha Kiswahili nje ya mlango hata baada ya taifa kukikaribisha ndani.

Tuanze na tuliyoyaona wenyewe. Katika shule moja ya sekondari tuliyopata kufundisha, yaliletwa masanduku ya vitabu vya msaada. Wanafunzi waliyabeba kwa shangwe. Yalipofunguliwa, tulikuta vitabu vizuri kadhaa, na pamoja navyo vitabu vya sheria ya kodi ya nchi ya mbali, miongozo ya mitambo ambayo hatukuwa nayo, na hadithi za watoto wanaocheza katika theluji. Kitabu cha Kiswahili hakikuwamo hata kimoja. Vyote vilipangwa katika kabati, na kabati likatiwa kufuli, kwa kuwa ilisemekana kwamba mjumbe wa mfadhili angekuja kuvihesabu na haingependeza akute vimepungua au vimechanika. Mjumbe alipokuja, alivihesabu, vikatimia. Taarifa iliandikwa kwamba mradi umefaulu. Wakati huo huo, kitabu kimoja cha hadithi za Kiswahili, mali ya mwalimu mwenzetu, kilikuwa kinazunguka bwenini bila jalada, kurasa zake za mwanzo zimepotea, na wanafunzi wanasimuliana mwanzo ule kwa mdomo ili anayepokea aweze kuendelea. Kwetu sisi, kitabu kile kilichochakaa ndicho kilichokuwa maktaba ya shule.

Hali hii haikuzuka ghafula. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, iliyochapisha vitabu kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyinginezo, na ikaendesha pia huduma za maktaba. Ilikuwa chombo cha wakoloni, na hatuna haja ya kukipamba. Lakini ilijua jambo moja, kwamba kuchapisha na kusomesha ni kazi mbili zinazotegemeana. Bureau hiyo ilifikia kikomo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Hapa Uganda, Bodi ya Maktaba za Umma iliundwa kwa sheria ya mwaka 1964. Baada ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, maktaba za umma zikakabidhiwa wilaya, na mwaka 2003 ikapitishwa sheria ya kuunda Maktaba ya Taifa. Wilaya yenye barabara mbovu na zahanati isiyo na dawa haiwezi kuiweka maktaba mbele katika bajeti yake. Pengo hilo ndilo lililojazwa na wafadhili. Miongoni mwao ni shirika la Kiingereza lililoanzishwa mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly Library Service, ambalo tangu mwaka 1994 linaitwa Book Aid International.

Haitakuwa haki kudai kwamba ruzuku zote ni sawa. Upo mfano wa Kitengesa, karibu na mji wa Masaka. Maktaba ya kijiji hicho ilianza mwaka 1999 ikiwa sanduku la vitabu tu katika shule ya sekondari. Mwaka 2002 ilipata jengo lake kwa ruzuku iliyotokana na mfuko wa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa wanaotoa asilimia moja ya mishahara yao. Lakini si kuta zilizoifanya maktaba ile iwe hai. Palikuwa na mkutubi, palikuwa na daftari la kuazimisha, na ulibuniwa mpango wa kuwalipia karo wanafunzi kadhaa ili nao wafanye kazi maktabani. Mwanafunzi anayewaazimisha wenzake vitabu hulazimika kuvijua, na anayevijua huvipigia debe. Kutokana na uzoefu wa namna hiyo, mwaka 2007 uliundwa umoja wa maktaba za jamii hapa Uganda. Fundisho lake ni wazi: fedha kidogo zilizowekwa kwa mtu zilizaa zaidi ya fedha nyingi zilizowekwa kwa vitu.

Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili akiingia katika maktaba za namna hii atakuta nini? Kiingereza kimejaa rafu, lugha za wenyeji zina sehemu yao ndogo, na Kiswahili ni mgeni aliyesimama ukumbini. Tutazame programu kubwa ya usomaji iliyofadhiliwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, kuanzia mwaka 2012 hadi 2019. Programu hiyo, ikishirikiana na Wizara ya Elimu, ilitayarisha vitabu vya kusomea vya madarasa ya chini katika lugha 12 za Uganda. Tunaisifu kazi hiyo bila kinyongo. Mtoto hujifunza kusoma kwa urahisi zaidi katika lugha aliyonyonya kwa mama yake, na sisi walimu wa Kiswahili hatutaki lugha yetu imnyang'anye Mwacholi au Msoga ulimi wake. Lakini mtoto huyo hupanda madarasa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima kwa miaka miwili ya kwanza. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri imetoka, hadithi za kusoma ziko wapi? Mwanafunzi anapewa ngeli, anapewa nyakati, anapewa msamiati wa sokoni na wa hospitalini, kisha haoni hata ukurasa mmoja unaomfanya asahau kwamba yuko darasani. Lugha inayosomwa kwa ajili ya mtihani tu hufa siku ya mtihani.

Tukivuka mpaka kwenda Tanzania, tunakutana na kisa kinachofundisha zaidi. Huko Kanada lilianzishwa mwaka 1959 shirika lililokusanya vitabu vilivyotumika na kuvituma ng'ambo. Baada ya miaka mingi shirika hilo, ambalo sasa huitwa CODE, lilitambua kwamba kutuma vitabu vya Kanada si kujenga usomaji wa Afrika. Mwaka 1991 likasaidia kuanzishwa kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na kwa maoni yetu ulikuwa wa busara: mwandishi wa nchini aandike kwa Kiswahili, mchapishaji wa nchini achapishe, na mradi uahidi kununua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni. Mchapishaji hakuogopa tena kupata hasara, mwandishi akapata wasomaji, na mtoto akapata kitabu kinachonukia kwao. Hapa ruzuku haikuchukua nafasi ya soko, bali ililishika mkono lipate kusimama.

Lakini mfadhili huyo huyo alipokuja na tuzo ya fasihi ya vijana iliyobeba jina la Burt, mwishoni mwa miaka ya 2000, sharti lilikuwa kwamba hadithi ziandikwe kwa Kiingereza. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi: mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari inayofundisha kwa Kiingereza, naye hukwama. Tunaielewa hoja hiyo. Hata hivyo, matokeo yake kwa fasihi ni kwamba mwandishi wa Kitanzania mwenye kisa kizuri cha kijana wa miaka 15 alivutwa na fedha akiandike katika lugha ambayo kijana huyo haoti ndoto kwayo. Kwa hiyo mtoto mdogo alipata hadithi za Kiswahili, na kijana aliyezikua hadithi hizo akaambiwa kwamba utu uzima una lugha nyingine. Hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika maktaba zetu: kati ya hadithi ya Sungura na riwaya ya watu wazima hakuna daraja la kutosha. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa kiwanda cha mabati cha Kenya na Chuo Kikuu cha Cornell imethibitisha kwamba fedha zinaweza kuelekezwa kwenye lugha yetu. Nayo imehudumia zaidi wasomaji waliokomaa.

Sasa tuziangalie hadithi zenyewe zinazozaliwa na ruzuku. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook, unaoendeshwa kutoka Afrika ya Kusini na ulioanza kwa fedha za shirika la Kiingereza Comic Relief, umetoa bure kwenye mtandao hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Mwalimu asiye na kitabu anaweza kuzichapa na kuzitumia, na hiyo ni neema kubwa. Lakini nyingi kati ya hadithi za namna hii, katika mradi huu na katika mingine, hutafsiriwa kutoka Kiingereza, na tafsiri ya haraka huacha makovu. Tutoe mfano tuliotunga wenyewe, tusije tukamwonea mtafsiri yeyote: "Amina alikuwa na furaha sana kuhusu kitabu chake kipya." Kila neno ni la Kiswahili, ila sentensi si ya Kiswahili. Bibi yeyote wa pwani angesema, "Amina alikifurahia sana kitabu chake kipya." Kitenzi chetu hubeba mtenda, mtendwa na tendo kwa pamoja, ndiyo fahari yake. Mwanafunzi wa Uganda ambaye haisikii lugha hii nyumbani hujifunza kutokana na anachosoma. Tukimpa sentensi zilizovunjika, atazijenga zake vivyo hivyo.

Kasoro ya pili ni ya maudhui. Mfadhili hutaka mtoto aoshe mikono, alale ndani ya chandarua, na msichana asiachishwe shule. Hayo ni mambo mema, na ole wake mwalimu atakayeyapinga. Lakini hadithi iliyoandikwa ili kuthibitisha shabaha ya mradi humwogopa mhusika mtundu. Mtoto wake hakosei ila ili aonywe, akionywa hutii, akitii hadithi huisha. Wazee wetu walikuwa na hekima zaidi. Walisema "Paukwa", tukaitikia "Pakawa", wakatuletea Sungura mwongo na Abunuwasi mjanja, wakatuachia sisi wenyewe tupime nani kakosa. Mtoto hurudi kwa Sungura usiku wa pili na wa tatu. Kwa hadithi ya sabuni harudi.

Msomaji atatuuliza: je, anayepewa ana haki ya kuchagua? Tunajibu kwamba anayo, na tena ana wajibu. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2025 tumeshuhudia maana ya methali hiyo: mwezi wa Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limeacha kuendesha misaada hiyo. Vitabu vilivyokwisha kuchapishwa viko. Swali ni nani atakayelipia chapa inayofuata. Ruzuku isiyoacha nyuma yake mwandishi, mchapishaji na mkutubi haikujenga kitu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa kila chama, shule au wilaya itakayoandika andiko la mradi. Kwanza, lugha za vitabu zitajwe waziwazi, na Kiswahili kiwe na fungu lake pamoja na lugha ya mtaa. Pili, vitabu vinunuliwe kwa wachapishaji wa Afrika ya Mashariki, wala visisubiriwe masalio ya rafu za ng'ambo. Tatu, mshahara wa mkutubi uingizwe katika hesabu tangu siku ya kwanza, na wilaya iahidi kwa maandishi kuubeba ruzuku itakapokwisha. Nne, taarifa ya mradi ihesabu mara ambazo kitabu kimeazimwa, na kitabu kilichochanika kwa kusomwa kiandikwe upande wa faida.

Wafadhili hawakutukataza kuandika, na lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Tuna wanafunzi wanaozijua ngano za bibi zao kwa Kiganda, Kinyankole na Kiteso. Tuwape kazi ya kuzisimulia kwa Kiswahili, tuzisahihishe kwa upole, tuzishone kwa uzi na kuziweka rafuni zikiwa na majina yao. Kazi hiyo haihitaji mjumbe wala masanduku. Na mfadhili atakapokuja, asikute kabati lenye kufuli. Akute daftari la kuazimisha lililojaa, ndipo tuzungumze naye juu ya vitabu tunavyovihitaji.