Mwandiko na Watu Wake

Kijana msomaji, wewe uliyejifunza herufi chini ya Mlima Kenya, huenda ukadhani kwamba Kiswahili hakikuandikwa kabla ya kuja herufi unazozisoma sasa. Dhana hiyo si kweli, tena imewadhulumu watu. Wazee wa Meru husimulia kuwa asili yao ni Mbwaa, huko pwani. Basi twende pwani tukatazame.

Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe mwaka 1107. Herufi zake zimesimama wima, na ncha zake zimechanua kama majani. Hazikuchongwa zisomwe upesi, bali zidumu na kuitukuza ibada. Karne nyingi baadaye mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili Kurani kwa wino wa rangi, kwa sababu mji wao uliithamini elimu. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mwandishi na mchonga mbao pia. Nakala zake za tenzi zimehifadhiwa London. Mistari yake imenyooka, wala herufi hazisongamani. Utaona kuwa mkono ulioshika kalamu uliizoea patasi.

Lakini mhakiki hasifu tu. Herufi za Kiarabu zina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano; sauti za p, ch na v hazina herufi zake. Mara nyingi msomaji alihitaji kuujua utenzi kabla ya kuusoma.

Tena dola hupenda mwandiko mmoja. Uchina, utawala wa Qin ulipoiunganisha nchi mwaka 221 kabla ya Kristo, miandiko mingi ilifanywa mmoja. Kwetu, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Herufi hizo zinazifaa sauti zetu, nazo zilitufungulia mlango sisi wa Meru na Embu; sikatai. Hata hivyo, mzee wa Lamu aliyeandika barua na hesabu zake maisha yote, alipofika mbele ya karani asiyezijua herufi zake, alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Elimu yake haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni kipimo.

Basi, msomaji, usimwite mtu mjinga kabla hujauliza alisoma kwa herufi gani. Nawe uandikapo, andika kwa uangalifu, maana mwandiko ni shahidi wa watu walioulea.