Mfalme Mwanafalsafa: Neno Lililotangulia Hoja

Katika vyumba vyetu vya masomo, Jamhuri ya Plato husomwa mara nyingi kama hati ya haki ya wenye elimu kutawala. Aliyetoka pangoni na kuliona jua, ndiye astahiliye kuwaongoza waliobaki wakitazama vivuli ukutani. Usomaji huu una kasoro, na sehemu ya kasoro hiyo imo katika Kiswahili chetu.

Twasema "mfalme mwanafalsafa". Kwa kuwa mwanasheria ni mjuzi wa sheria, na mwanahisabati mjuzi wa hisabati, msomaji humdhania mwanafalsafa kuwa ni mtu aliyekwisha kuipata hekima. Neno la Kiyunani, philosophos, lamtaja mpenda hekima tu. Tena katika Karamu Plato aeleza kwamba miungu hawaitafuti hekima kwa sababu wanayo tayari. Wapumbavu nao hawaitafuti, maana hawajui kwamba wameikosa. Mpenda hekima yu kati ya hao wawili.

Tukilikumbuka hilo, Socrates wa Utetezi, aliyewahoji wanasiasa, washairi na mafundi wa Athens akagundua kwamba walijidhania kujua wasiyoyajua, hayuko mbali na Socrates wa Jamhuri. Katika kitabu cha 6 anaombwa aeleze Wema wenyewe ni nini. Anakataa, na badala ya jibu anatoa mfano wa jua. Mahali hapa twapapita upesi mno! Msingi wote wa utawala wa wenye hekima ni kuujua Wema, naye msemaji akiri kwamba hatuujui vya kutosha.

Plato mwenyewe hakosi lawama. Katika kitabu cha 3 awaruhusu watawala kuwaambia raia uongo kwa manufaa ya mji, na mlango huo, ukishafunguliwa, haumchagui mpitaji. Yaelekea aliiona hatari: katika Sheria, kitabu cha uzeeni mwake, watawala huitwa watumishi wa sheria, na mamlaka yasiyo na mpaka hayaaminiwi mikononi mwa binadamu yeyote. Ajabu ni kwamba wanafunzi wetu hulijua pango kwa moyo, ilhali Sheria ni wachache wamekifungua.

Yafaa basi wafasiri wajaribu "mpenda hekima" katika kitabu cha 5, pale wafalme wanapotajwa kwa mara ya kwanza pamoja na falsafa. Najua neno hilo halina heshima iliyomo katika "mwana-".