Mtego wa Miavuli: Fadhila ya Shujaa kama Chambo katika Tamthilia ya Televisheni ya Batman (1966) na Utenzi wa Fumo Liyongo

1.0 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki mtego mmoja wa mhalifu katika tamthilia ya televisheni ya Batman, iliyorushwa nchini Marekani na kituo cha ABC kuanzia tarehe 12 Januari 1966 hadi tarehe 14 Machi 1968, kwa jumla ya vipindi 120. Mtego unaohusika umo katika vipindi viwili vilivyorushwa kwa kufuatana tarehe 19 na 20 Januari 1966, viitwavyo "Fine Feathered Finks" na "The Penguin's a Jinx". Vipindi hivyo viliandikwa na Lorenzo Semple Jr. na kuongozwa na Robert Butler. Kiini cha kisa chake kilitokana na hadithi ya vibonzo iliyochapishwa mwaka 1965 katika toleo la 169 la jarida la Batman.

Wahakiki wengi wakikutana na kazi za aina hii huzipima kwa kigezo cha uhalisia, na kwa kuwa kigezo hicho huzikataa tangu mwanzo, huziweka kando kama upuuzi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba upuuzi wa mtego huu una mantiki ya ndani, na kwamba mantiki hiyo haiko mbali na ile inayoongoza mitego anayotegewa Fumo Liyongo katika utenzi wa Kiswahili. Ili kuidhihirisha, uhakiki unaazima mfano kutoka mazingira ya Ngana, kata ya Wilaya ya Kyela iliyo katika uwanda wa mto Songwe karibu na mpaka wa Malawi. Mfano huo ni mgono, mtego wa samaki unaofahamika katika maeneo mengi ya mito na maziwa nchini Tanzania.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu kempu, Susan Sontag anaeleza aina ya mvuto unaotokana na madoido yaliyopita kiasi, na anatofautisha kempu inayotokea bila mwenyewe kukusudia na ile inayotengenezwa kwa makusudi. Batman ya 1966 ni ya aina ya pili. Adam West, anayeigiza nafasi ya Batman, na Burt Ward, anayeigiza nafasi ya Robin, hutamka maneno ya mzaha kwa sauti kavu ya watumishi wa umma. Msimulizi asiyeonekana, ambaye ni mtayarishaji mkuu William Dozier mwenyewe, huuliza mwishoni mwa kipindi cha kwanza iwapo shujaa atapona, naye huuliza kana kwamba usalama wa dunia nzima unategemea jibu.

Nadharia ya Sontag inasaidia kueleza ladha ya kazi, lakini haielezi ujenzi wa mtego. Kwa ajili hiyo inahitajika tofauti nyingine. Mitego ya kifasihi inaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni mitego ya nguvu, ambayo humshika shujaa kwa kumzidi kimwili: kamba, minyororo, moto, maji. Kundi la pili ni mitego ya tabia, ambayo haimlazimishi shujaa kufanya lolote asilokwisha kuzoea kulifanya. Mgono ni wa kundi la pili. Umesukwa kwa fito nyembamba kama kikapu kirefu, na mdomoni mwake una koni ya ndani inayomruhusu samaki kuingia na kumzuia kutoka. Mgono hauna jino wala kamba ya kukaza. Kinachomwingiza samaki ndani ni kuogelea kwake, yaani uwezo uleule unaomwezesha kuishi.

3.0 Mtego wa Miavuli

Penguin, anayeigizwa na Burgess Meredith, anatoka gerezani na kufungua kiwanda cha miavuli. Wasaidizi wake wanatazamia kuambiwa uhalifu gani umepangwa. Jibu lake ndilo msingi wa kisa chote: hana mpango wowote. Mpango atautunga Batman. Miavuli inagawiwa bure kwa watu mjini, nayo inalipuka kwa moshi na kelele bila kuiba chochote. Kisha mwavuli mkubwa kupita kiasi unatua barabarani, na pamoja nao uko mwavuli mdogo ambao Batman anauchukua na kwenda nao pangoni kwake. Ndani ya mwavuli huo mdogo kimefichwa kinasa sauti. Penguin anakaa kiwandani akisikiliza.

Pangoni, Batman na Robin wanafanya kazi yao ya kila siku. Wanaukagua mwavuli, wanatafuta maana ya rangi na umbo lake, wanafuata dokezo moja hadi jingine, na mwishowe wanakata shauri kwamba Penguin anakusudia kumteka nyara mwigizaji wa filamu Dawn Robbins. Wanaeleza hata njia atakayoitumia. Penguin anaandika kila neno. Uhalifu ambao haukuwapo sasa upo, tena umepangwa kwa ustadi kuliko ambavyo yeye peke yake angeupanga.

Kwa kigezo cha uhalisia mtego huu hauna utetezi. Gharama ya kiwanda, ya miavuli na ya mwavuli mkubwa inazidi sana ile ya kukaa chini na kufikiri. Aidha, hakuna hakika kwamba Batman atapata jibu lolote, achilia mbali jibu linalotekelezeka. Ila pingamizi hizi zinasahau kwamba Penguin anamjua adui yake. Anajua kwamba Batman haamini kuwa kitu kinaweza kukosa maana. Mbele ya mwavuli usio na ujumbe, shujaa huyu hatasema kwamba hauna ujumbe. Atautafuta mpaka aupate. Chambo cha mtego ni bidii ya Batman ya kufasiri, na bidii hiyo ndiyo inayomfanya awe mpelelezi bora. Hapa mfano wa mgono unakubaliana na matini kikamilifu, kwani uwezo wa shujaa ndio unaomwingiza mtegoni, na kadiri uwezo ulivyo mkubwa ndivyo anavyoingia ndani zaidi.

Uchekeshaji unatokana na hapo pia. Hadhira inajua tangu mwanzo kwamba mwavuli ni mtupu. Kila hatua ya busara inayochukuliwa pangoni inachekesha kwa sababu ni busara kweli. Lau Batman angekuwa mjinga, kisa kingekuwa dhihaka nyepesi tu.

4.0 Tanuri na Kushindwa kwa Mtego wa Nguvu

Katikati ya kisa hiki kuna mtego mwingine, nao ni wa kundi la kwanza. Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman bila barakoa, anaingia kiwandani kwa nia ya kuficha kinasa sauti chake mwenyewe. Anagunduliwa, ananaswa, na kulazwa kwenye mkanda wa mashine unaomsogeza taratibu kuelekea kwenye tanuri la moto. Hapo ndipo kipindi cha kwanza kinapokatizwa na sauti ya Dozier inapoingia na maswali yake.

Watazamaji wengi wa tamthilia hii huikumbuka kwa mitego ya aina hiyo, lakini ndani ya kisa hiki mtego wa tanuri ni dhaifu kuliko ule wa miavuli. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, aliona kwamba tunacheka pale umakanika unapotanda juu ya kitu chenye uhai. Mkanda wa kiwandani ni umakanika mtupu: unakwenda kwa mwendo mmoja, haumjui aliyelala juu yake, na kwa kutomjua unampa muda wa kujiokoa. Penguin mwenyewe hajui kwamba amemkamata Batman.  Mtego wa nguvu unamshika mtu sahihi kwa sababu isiyo sahihi, ndiyo maana hauwezi kumdumisha. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo inausema udhaifu huu kwa ufupi: mtego usiomjua mwindwa haubagui, na usiobagua hauna hakika.

5.0 Mkoma na Sindano: Mitego ya Fumo Liyongo

Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913 na kufanyiwa uhariri na uchambuzi na M. M. Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale (1999), una mitego ya makundi yote mawili. Mtawala wa Pate, akihofia nguvu na sifa za Liyongo, anatafuta njia ya kumwondoa.

Mtego wa mkoma ni wa tabia. Waliotumwa kumuua wanapendekeza kula kikoa, kila mmoja akipanda mkoma kwa zamu na kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, watamlenga akiwa juu ya mti. Chambo ni ushirika. Mtu muungwana hawezi kula matunda yaliyochumwa na wenzake kisha akakataa kupanda. Kwa upande wa mantiki, mpango huu una kasoro nyingi kama ule wa miavuli, kwani watu wenye mishale wanaokula pamoja na windo lao kwa siku kadhaa hawakosi nafasi nyingine ya kumshambulia. Lakini hadithi haitaki nafasi nyingine. Inataka shujaa auawe kwa wema wake. Liyongo anaepuka bila kuvunja adabu: anaelekeza mshale juu na kuyaangusha makoma akiwa chini. Ametimiza zamu yake na hajapanda.

Gereza ni mtego wa nguvu, na kama lilivyo tanuri la Penguin, halidumu. Tupa inafichwa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi wanaudharau, minyororo inakatwa huku kelele za ngoma ya gungu zikiifunika sauti ya chuma, na mfungwa anatoka.

Mtego unaofaulu ni wa tatu, nao ni wa tabia tena. Mwana wa Liyongo anaahidiwa ukubwa na ndoa iwapo atajua kinachoweza kumuua baba yake. Anauliza. Liyongo anahisi kwamba kijana ametumwa, na hata hivyo anamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Chambo ni mapenzi ya mzazi, na tofauti na kikoa, wajibu wa mzazi hauna njia ya pembeni ya kuutimiza.

6.0 Ulinganisho na Mipaka Yake

Kuwekwa pamoja kwa matini hizi kunadhihirisha kinyume kisichotarajiwa. Batman anakosea kabisa katika kufasiri, kwa kuwa anaona maana pasipo na maana, na bado anaokoka. Liyongo anafasiri sawasawa, anaiona hila ilivyo, na bado anakufa. Ikiwa hatima ya shujaa ingetegemea akili yake, matokeo yangekuwa kinyume. Kinachoamua ni utanzu. Tamthilia ya kila wiki inamhitaji shujaa wake wiki ijayo, hivyo mtego wake unaruhusiwa kuwa werevu kiasi chochote ilimradi usifike mwisho. Utenzi unahitaji kifo ili uwe ukumbusho, na ndiyo maana hata maiti ya Liyongo, iliyopiga goti kisimani na upinde umevutwa, inaendelea kuwatisha watu wa mji wasithubutu kuteka maji.

Inaweza kudaiwa kwamba ulinganisho huu unaushusha utenzi hadi kiwango cha burudani ya kibiashara. Dai hilo lingekuwa na uzito kama hoja ingekuwa kwamba kazi hizi zina thamani sawa. Hoja ni finyu zaidi: zinatumia ufundi mmoja wa mtego, na ufundi huo unaonekana kwa urahisi zaidi pale ulipotiwa chumvi kupita kiasi. Madoido ya Penguin yanasaidia kuona kwamba mpango wa kikoa nao ni wa ajabu, jambo ambalo heshima kwa kazi kongwe huweza kulificha.

Suala la hadhira nalo lina umuhimu. Tamthilia hii iliporushwa kwa mara ya kwanza, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Matangazo ya televisheni yalianza huko mwaka 1994, huku Zanzibar ikitangulia mwaka 1973. Kwa msomaji wa Ngana kazi hii ni ya kuletwa kutoka mbali na kwa kuchelewa. Hata hivyo, sauti ya Dozier si ngeni kwake. Katika vibanda vya video nchini, filamu za kigeni zimezoeleka kusimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi kama Lufufu, jina la kazi la Derek Mukandala, ambao huieleza picha, huichokoza na kuitabiri. Hadhira iliyolelewa na sauti hizo inajua kumcheka shujaa na kumhofia kwa wakati mmoja, na hali hiyo maradufu ndiyo ambayo Batman ya 1966 inaiomba.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba mtego wa miavuli, pamoja na upuuzi wake wa wazi, umejengwa juu ya ujuzi wa kina wa tabia ya shujaa, na kwamba ujenzi huo unapatikana pia katika mitego miwili kati ya mitatu ya Utenzi wa Fumo Liyongo. Mitego ya nguvu katika matini zote mbili inashindwa. Ya tabia ndiyo inayotishia kweli.

Matokeo haya yana onyo kwa taaluma ya uhakiki yenyewe. Mhakiki naye, kama Batman pangoni, hufundishwa kwamba kila kitu katika matini kina maana, na uwezo huo ndio unaoweza kumwingiza katika mgono. Kazi ya kempu ni kipimo kizuri cha hatari hiyo, kwa kuwa imejaa miavuli mitupu iliyowekwa mahsusi ili ifasiriwe. Kuidharau kazi ya namna hiyo hakumsaidii mhakiki, na kuisheheneza falsafa isiyoibeba hakumsaidii pia. Njia inayopendekezwa ni kuuliza kwanza mtego umetegwa kwa ajili ya nani na unategemea sifa gani ya anayewindwa, kisha kukubali, pale ushahidi wa matini unapokoma, kwamba baadhi ya miavuli ni miavuli tu.