Msomi wa Fasihi Kigodani

Mwandishi wa tamthilia Penina Muhando Mlama alipokalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha heshima cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akimfuata msomi wa sheria Issa Shivji, heshima ilimfika anayeistahili. Atakayeuliza mwandishi wa tamthilia anaongozaje taaluma, jibu liko Malya, kijiji cha Usukumani, eneo lilimo pia mji wa Mwanhuzi. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mlama na wenzake walishirikiana na wanakijiji kulichambua tatizo la mimba za wasichana kwa ngoma na maigizo, jambo ambalo kwa kawaida hunong'onwa tu likajadiliwa hadharani. Kweli, ngoma hailipi mishahara ya wahadhiri. Lakini hesabu za ofisi hufundishika upesi; kuwasikiliza watu kabla ya kuwahutubia huchukua miaka. Vyuo viwape wasomi kama hawa uongozi, na mihadhara yao ya kwanza ifike Mwanhuzi, kwa Kiswahili.