Charly Gaul, fundi wa milima

Ukitaka kumjua mpanda milima hodari katika mbio za baiskeli, tazama miguu yake. Wengi wakifika kwenye mwinuko hunyanyuka kitini, wakaiyumbisha baiskeli huku na huku na kukandamiza gia nzito kwa nguvu zote. Charly Gaul wa Luxembourg alibaki ameketi. Mikono ilitulia kwenye usukani, gia yake ilikuwa nyepesi kuliko za wenzake, na miguu ilizunguka upesi, kwa mwendo uleule, kona baada ya kona. Gia nzito huchosha misuli mapema. Gia nyepesi huupeleka mzigo kwenye moyo na mapafu. Gaul alijaliwa moyo na mapafu, lakini kuzungusha miguu namna ile kwa saa nzima bila kupoteza mapigo hakuna anayezaliwa nako. Ni kazi ya kujifunza mpaka iingie mwilini.

Alizaliwa mwaka 1932, akafanya kazi ya bucha na machinjioni kabla ya kuingia mbio za kulipwa mwaka 1953. Alikuwa na umbo dogo, na maneno yake yalikuwa machache.

Tarehe 8 Juni 1956, kwenye mbio za Giro d'Italia, waendeshaji waliondoka Merano kwenda kumalizia juu ya Monte Bondone. Asubuhi hiyo Gaul alikuwa nyuma ya kinara, Pasquale Fornara, kwa dakika 16 hivi. Mvua ya baridi ikageuka theluji. Waendeshaji kwa makumi walijitoa, Fornara mwenyewe akiwamo. Gaul aliendelea kuzungusha miguu. Alipofika juu alikuwa ameganda hata ikabidi jezi ikatwe ili imtoke mwilini, akaingizwa kwenye maji ya moto. Giro ikawa yake, na mwaka 1959 akaichukua tena.

Jua kali lilimmaliza, na mara nyingi alipoteza muda mwingi kwenye tambarare zenye joto. Baridi ndiyo iliyokuwa hali ya hewa yake. Kwenye Tour de France ya 1958 alipanda Mont Ventoux peke yake, akishindana na saa, kwa saa 1, dakika 2 na sekunde 9, muda uliodumu miaka 41 bila kuvunjwa. Siku chache baadaye, mvua ikinyesha milimani Chartreuse, mshindani wake Raphaël Géminiani alikuwa mbele yake kwa dakika nyingi kwenye msimamo wa jumla. Gaul alikuwa amekwisha kumwambia mshindani mwingine, Louison Bobet, kwamba angechomoka kwenye mlima wa Luitel. Akachomoka palepale alipotaja, na kufika Aix-les-Bains alikuwa amemwacha Géminiani kwa zaidi ya dakika 14. Tour hiyo aliishinda. Mimi huvutiwa zaidi na ule utulivu wa kumtajia mshindani mahali penyewe: aliujua mlima na aliujua mwili wake, hakuwa na haja ya kuvizia.

Ni kweli kwamba zama zile Tour haikuwapima waendeshaji dawa za kuongeza nguvu. Upimaji ulianza mwaka 1966, yeye akiwa ameshastaafu. Hilo linawahusu wote wa kizazi chake, wala halielezi mtindo wake.

Baada ya kustaafu alifungua mkahawa karibu na stesheni ya treni jijini Luxembourg, kisha akaufunga na kuhamia kibanda msituni Ardennes, pasipo umeme. Waandishi waliomfuata hakutaka kuonana nao. Wengi waliona ajabu, mimi sioni. Kazi yake yote ilikuwa kubaki peke yake barabarani, wengine wakididimia nyuma.

Miaka ya 1980 alirudi kwa watu, na wizara ya michezo ikampa kazi kwenye hifadhi ya kumbukumbu. Akawa na ndevu na kitambi, wengi hawakumtambua. Mtu aliyempenda mno uzeeni ni Marco Pantani, Mwitaliano aliyepanda milima amesimama, mikono imeshika chini kabisa ya usukani, kinyume kabisa na Gaul. Wakawa marafiki. Pantani alifariki Februari 2004. Gaul akafuata tarehe 6 Desemba 2005, zikiwa zimebaki siku mbili atimize miaka 73.