Kuwasifu Wapanda Matumbawe

Waashi wa kale wa pwani yetu waliijua siri ya tumbawe: likitolewa majini lingali bichi hukatika kwa patasi kama muhogo, likianikwa hugeuka jiwe. Kwa ujuzi huo walichonga mihrabu na miimo ya milango, na wakachonga yale maandishi ya Kikufi yaliyomo mpaka leo katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Majina yao hatuyajui, ila kazi yao tunaisifu, na wageni hufunga safari kwenda kuitazama. Mimi leo namsifu fundi mwingine wa tumbawe, asiyechonga kitu, ambaye kazi yake ikifaulu hakuna atakayetambua kuwa ilipitiwa na mkono wa mtu.

Utamkuta Wasini na Kuruwitu upande wa Kenya, utamkuta Jambiani, Unguja, na ukivuka maji utamkuta Shelisheli. Mara nyingi ni mvuvi au mtoto wa mvuvi, na mara nyingi zaidi kuliko inavyosemwa ni mwanamke. Kazi yake huipanga kwa kufuata maji: siku za maji mafu mkondo hutulia na chini huonekana, kusi ikichachamaa, bora abaki nchi kavu ashone kamba.

Kazi huanza kwa kuokota. Mawimbi, nanga na miguu ya watu huvunja vitawi vya matumbawe, na kitawi kilichoanguka mchangani hubingirishwa na mkondo hadi kife. Fundi hukikagua kabla ya kukichukua. Ncha nyeupe haimtishi, maana tumbawe la matawi hukulia nchani, na sehemu changa bado haijashika rangi. Weupe unaopanda kutoka shinani ndio habari mbaya: ama ni ugonjwa, ama ni konokono wanaokula nyama yake usiku. Kinachofaa hukatwa kwa koleo vipande vya urefu wa kidole, kikapelekwa kitaluni. Kitalu chenyewe huwa ni kamba zilizotandazwa au mti wa mabomba ya plastiki, umefungwa nanga chini na boya juu, ukaning'inia katikati ya maji ambako mkondo huleta chakula na konokono hafiki kwa urahisi.

Hapo ndipo penye kifundo. Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni wanyama wadogo mno walioshikana, ngozi nyembamba iliyo hai juu ya jiwe walilolijenga wenyewe, na ndani ya ngozi hiyo vimo vimwani vinavyowalisha na kuwapa rangi. Ukikifunga kipande kikalegea, kila wimbi litakisugua mpaka ngozi ichubuke; ukikikaza mno, uzi utaikata. Kikifungwa sawasawa, baada ya wiki kadhaa nyama huanza kutambaa juu ya uzi na kuumeza usionekane. Wala hilo halifundishwi darasani. Vidole vilivyozoea kushona nyavu na kusuka madema hujifunza upesi kuliko vya msomi mwenye shahada, na nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa ya ufundi huu: umewakuta watu wa pwani wakiwa tayari nusu mafundi.

Kisha huja kazi ambayo haipigwi picha, nayo ni kusugua. Mwani hauna adabu. Huota juu ya kamba, juu ya bomba, na ukiachiwa huota juu ya tumbawe lenyewe na kulizibia mwanga. Fundi huzamia na burashi ya meno, akasafisha tawi moja baada ya jingine, na wiki chache baadaye akarudi kuanza upya. Inapita miezi kabla vipande havijafaa kuhamishiwa mwambani. Siku hiyo ikifika hukwangua mwamba mpaka pawe peupe, akabandika donge la saruji iliyokandwa ngumu, akashikilia kipande hapo mpaka kishike.

Panapopigwa baruti, hata saruji haina pa kushika. Pwani ya Tanzania iliteswa na uvuvi wa baruti kwa miongo mingi kabla msako mkali haujaupunguza sana. Mlipuko mmoja huacha kifusi kinachotembea na kila wimbi, na tumbawe changa likitua juu yake husagwa. Wavuvi wa visiwa vya Spermonde, Sulawesi Kusini, walikuwa na jeraha hilohilo. Huko hutandaza viunzi vya chuma vyenye umbo la nyota, vilivyopakwa mchanga na kufungwa vipande, vikaunganishwa kuwa wavu mmoja unaokituliza kifusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa ndani ya miaka minne tu miamba hiyo ilikuwa ikijijenga kwa kasi ya mwamba mzima. Lakini yaliyorudi kwa wingi ni matumbawe ya matawi, yale yanayokua haraka na kufa haraka joto likipanda.

Na joto halifungwi kwa kifundo. Mwaka 1998 visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe yao hai. Kuanzia 2010 mafundi walifanya kazi katika kisiwa cha Cousin, wakahamishia mwambani zaidi ya vipande 24,000. Mwaka 2016 joto likarudi. Julai 2023, huko Florida, wazamiaji walilazimika kuyang'oa matumbawe vitaluni mwao na kuyakimbizia kwenye matangi ya nchi kavu. Anayesema tutapanda mpaka tuushinde moshi wa viwanda vya dunia anauza maneno.

Tena kupanda si mwanzo wa kazi. Hifadhi ya Chumbe, Unguja, haikupata sifa kwa kupandwa. Ilipata kwa kulindwa, na waliowekwa kuilinda tangu miaka ya 1990 ni wavuvi wa zamani, wanaomsomesha mvuvi mwenzao badala ya kumkimbiza. Wavuvi wa Kuruwitu walijifungia wenyewe kipande cha bahari mwaka 2005, wengine wakinung'unika. Mantiki yake iko wazi. Kikande akivuliwa akaisha, wale viumbe weusi wenye miiba mirefu huzaana bila mlaji na kuukwangua mwamba hadi uporomoke. Pono na tasi wakiisha, mwani hukosa wa kuula, na kazi ya samaki hao yote huiangukia ile burashi ya meno.

Ndiyo maana zimenichosha taarifa za miradi zinazohesabu vipande vilivyopandwa bila kutaja vilivyo hai. Basi ukiombwa mchango wa matumbawe, au hoteli ikikuuzia kipande kilichoandikwa jina lako, uliza mambo mawili: nani anaulinda mwamba huo usiku, na mwaka wa tatu nani atalipwa kushika burashi? Wakibabaika, fedha yako wapelekee walinzi wa kijiji wanaofanya doria kwa petroli ya kukopa.